Wale wazee pichani hawakuwa wakipumzika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nisahihishe neno moja. Jumapili iliyopita, kwenye ukurasa wa utamaduni, mlichapa makala ndefu kuhusu dansi ya tango ya Argentina. Nilifurahi kuiona, maana kwa miaka yote niliyolisoma gazeti hili sikumbuki kama mliwahi kuiandikia zaidi ya mistari miwili. Makala ilikuwa na picha mbili. Ile kubwa ilimwonyesha mwanamke aliyevaa gauni jekundu, mguu mmoja ameuzungusha kiunoni mwa mwenzake na mwingine uko hewani. Ile ndogo, chini pembeni, ilionyesha mzee mmoja na mwanamke wa umri wake wamekumbatiana katikati ya ukumbi. Chini yake mkaandika: "Wachezaji wakongwe wakipumzika katikati ya wimbo."

Hawakuwa wakipumzika. Walikuwa wakicheza.

Picha hiyo nimeikata na kuiweka mezani, na kwa siku nne nimekuwa nikiitazama kwa miwani ya kusomea. Kisigino cha kushoto cha yule mama kimeinuka kidogo, unene wa sarafu tu, na ncha ya kiatu imeigusa sakafu bila kuikanyaga. Maana yake uzito wake wote uko mguu wa kulia. Wa kushoto uko huru, unangoja kuambiwa. Magoti ya mzee yamelegea. Mkono wake wa kulia umelala mgongoni mwa mwenzake, vidole vimefunguka, wala haujishikizi. Mama amefumba macho. Mtu aliyechoka hujimwaga juu ya miguu yote miwili, mabega yakashuka, na macho yakaanza kutafuta kiti. Hawa wawili hawana hata dalili moja ya hayo. Na nyuma yao, mkitazama vizuri, jozi nyingine imewaachia nafasi ya hatua mbili na haijawapita. Wale wa nyuma walijua kinachoendelea. Aliyeandika maneno ya picha hakujua, na simlaumu sana, kwa sababu hata mimi nilichukua muda mrefu kujua.

Makala yenyewe ilipanga mitindo ya tango kama ngazi. Chini kabisa waliwekwa wazee wa kumbini ambao, kwa maneno ya mwandishi wenu, "wanatembea tu". Juu yao vijana wa mtindo mpya. Kileleni wachezaji wa jukwaani "ambao miguu yao haitulii". Kipimo kilichotumika ni kimoja, nani anasogea zaidi, na kwa kipimo hicho anayesimama amefeli. Hapo ndipo dukuduku langu lilipo.

Niliishi Buenos Aires miaka sita, kuanzia 2003 hadi 2009, nikifanya kazi ya kufasiri hati za usafirishaji wa mizigo. Nilifika nikiwa na miaka 41. Shule ya kwanza ya tango niliyojiunga nayo sitaitaja. Wiki ya pili walitufundisha gancho, yaani kunasa mguu wa mwenzio kwa mguu wako kama ndoano. Wiki ya nne tukafundishwa boleo, ule mguu unaofyatuka nyuma kama mjeledi kiuno kinapogeuzwa ghafla. Kusimama hatukufundishwa. Mwalimu akiona jozi imesimama alipiga makofi na kusema, "Endeleeni, endeleeni!" Nami niliendelea. Nilikuwa mwanafunzi mwepesi na nilisifiwa.

Baada ya miezi mitano nikaenda kwenye milonga katikati ya jiji. Niseme hapa kwamba neno milonga lina maana mbili: ni aina ya muziki wenye mapigo ya haraka, dada yake tango, na pia ni usiku wenyewe wa kucheza, mahali watu wanapokutana. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwenzangu, mwanafunzi wa shule ileile, akanigeuza, nami nikaupeleka mguu juu kama nilivyozoezwa. Kisigino changu kikampata mama mmoja nyuma yangu kwenye muundi. Alitokwa damu. Hakunigombeza. Aliyekuwa naye alimshika mkono wakatoka sakafuni, na mzunguko wote ukasimama kuwapisha.

Usiku ule hakuna mwanamume aliyenitazama tena. Kwa msomaji asiyejua desturi zao: kwenye milonga za jadi watu hawaendi mezani kuombana dansi kwa maneno. Mwanamume hutazama kutoka upande wake, mwanamke akimtazama pia, mwanamume huinamisha kichwa kidogo, mwanamke akiitikia wamekubaliana. Huitwa kabeseo. Asiyetazamwa hajaalikwa, na hakuna la kufanya. Nilikaa na viatu vyangu mpaka saa tisa usiku. Aibu ile ninayo mpaka leo, na naisimulia kwa sababu makala yenu ilisifu mguu unaoruka bila kutaja sakafu ina watu wangapi.

Nilikaa karibu miezi miwili bila kucheza. Kisha mwenzangu wa kazini akanipeleka Jumamosi moja klabu ya Sunderland, mtaa wa Villa Urquiza, kaskazini mwa jiji. Ni klabu ya michezo. Milonga hufanyika kwenye uwanja wa mpira wa kikapu uliofunikwa paa, magoli yako palepale juu, meza zimezunguka, taa ni nyeupe na kali kiasi kwamba hakuna pa kujificha. Wacheza wa kule wanajulikana kwa mwendo wao: hatua ndefu, laini, mguu unapita karibu na mwenzake kama unaosoma sakafu. Nilidhani nimekuja kutazama tu.

Mzee mmoja aliyevaa suti ya kijivu akanitazama. Niligeuka nyuma kuona anamtazama nani. Akainamisha kichwa.

Nyimbo kwenye milonga hupigwa kwa mafungu ya tatu au nne za okestra moja. Fungu huitwa tanda, na kati ya fungu na fungu huwekwa kipande kifupi cha muziki mwingine ili watu warudi mezani. Fungu lile lilikuwa la Carlos Di Sarli, mpiga piano wa Bahía Blanca aliyefariki mwaka 1960, ambaye mkono wake wa kushoto kwenye piano ndio unaobeba okestra nzima. Wimbo ulianza, nasi hatukuanza. Desturi ya Buenos Aires ni kwamba jozi husimama mwanzoni mwa wimbo zikizungumza kidogo, hali ya hewa, jina, umetoka wapi. Halafu akanikumbatia. Bado hatukuanza. Fidla zilikuwa zimeshaingia. Mimi, kwa mazoea ya shule, nikadhani amesahau, au hasikii vizuri, nikaanza kuhamisha uzito wangu kumkumbusha.

Akaniambia sikioni, taratibu kabisa: "Usinisaidie, binti."

Nikatulia. Nilisikia kifua chake kikipanda kwa pumzi, kisha mgongo wangu, ambao sikujua kuwa ulikuwa umekaza, ukashuka. Akanihamisha kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, na kunirudisha, bila kwenda popote, mwendo mdogo ambao mtu aliyekaa mezani asingeuona. Fidla zikafika mwisho wa sentensi yao. Piano ikadondosha noti mbili za chini. Ndipo tukaondoka, na hatua ile ya kwanza, Mhariri, ilikuwa hatua moja tu ya kawaida ya kurudi nyuma, lakini ilikuwa na uzito wa vyote vilivyoitangulia. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu walikuwa wanaonya kuhusu mengine, ila mimi niliuelewa msemo ule chini ya goli la mpira wa kikapu.

Nilicheza na mzee yule Jumamosi nyingi baada ya hapo. Hakuwahi kunifundisha kwa maneno zaidi ya yale mawili. Niliyojifunza nilijifunza kwa mwili, na nitajaribu kuyaeleza kwa sababu ndiyo yaliyokosekana kwenye makala.

Mkumbatie mtu, kisha usimame kwa mguu mmoja bila kumwegemea. Utagundua kwamba mwili hautulii hata kidogo. Kifundo cha mguu kinarekebisha, unyayo unatafuta sakafu, mbavu zinafunguka na kufunga, na mwenzako anayasikia yote kifuani mwake. Kwa hiyo mtazamaji huona watu wawili wasiosogea, lakini walioko ndani ya kumbatio wana shughuli nyingi. Anayeongoza lazima ajue uzito wa mwenzake uko mguu gani. Asipojua, hatua inayofuata itakuwa ya kumburura. Anayefuata lazima asikisie. Hili la pili ni gumu ajabu. Mwili wa mtu mwerevu hukisia wenyewe: umesikia wimbo mara kumi, unajua zamu ya kugeuka imefika, basi unageuka kabla hujaambiwa, na papo hapo mazungumzo yameharibika. Kusimama vizuri ni kuacha kukisia.

Kugumu kuliko kote ni kusimama katikati ya hatua: mguu umeshafika, uzito bado. Miguu yote miwili iko sakafuni, kiwiliwili kiko kati, na jozi inaweza kwenda mbele, kurudi, kuzunguka, au kukaa hapo mpaka muziki useme. Wao huita pausa. Na pausa inapokuwa ndefu, mwanaume akatulia kabisa kumpa mwenzake nafasi, mwanamke anaweza kuchora duara dogo kwa ncha ya kiatu, au kupitisha mguu wake polepole kwenye kifundo cha mwingine, pambo lake mwenyewe lisiloongozwa na mtu. Wakati ule wa kimya ndio wakati wake wa kusema. Mimi ni mwanamke anayefuata, na nasema wazi kwamba mwanaume asiyesimama hunifunga mdomo.

Na kusimama huku hakukuletwa na uzee. Tango ilizaliwa pande mbili za mto Río de la Plata, Buenos Aires na Montevideo, mwishoni mwa karne ya 19, na maneno mawili ya zamani kabisa yanayoitambulisha ni korte na kebrada. Korte ni kukata: jozi inatembea, ghafla inaukata mwendo na kusimama. Kebrada ni kuvunja: kiwiliwili kinapindwa kiunoni huku miguu imetulia. Mwaka 1883 mwandishi Ventura Lynch aliandika kwamba milonga ilikuwa ikichezwa na vijana wa mitaani wa jiji, na kwamba waliibuni kwa kuziigiza kwa dhihaka dansi za watu weusi wa pale. Wengi hudhani watu weusi hawana sehemu katika historia ya tango. Wanayo, tangu mwanzo, na UNESCO ilipoiandika tango mwaka 2009 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, iliwataja wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani pamoja na wahamiaji wa Ulaya na wenyeji wa huko. Mwaka ule nilikuwa bado Buenos Aires.

Baadaye, tango ilipotafutiwa nafasi kwenye kumbi za watu wa heshima, ilibidi isafishwe. Ikachezwa tango laini, isiyo na korte wala kebrada, mtu atembee tu na muziki bila kukata. Mimi naisoma habari hii hivi: mwendo haukumkera mtu. Kilichowakera ni kule kusimama, miili miwili imegandana, haiendi popote wala haina haraka ya kuachana. Kwa hiyo mwandishi wenu anapodhani kwamba kusimama ni tango iliyopungukiwa, ajue kuna wakati ilionekana kuwa ndiyo iliyozidi.

Ni kweli kwamba mitindo inatofautiana, na ningependa makala ingetueleza tofauti hiyo badala ya kuwapanga watu daraja. Kanyenge, mtindo wa kale, huchezwa magoti yamekunjwa, miili imeegemeana, mwendo wa kudunda na kukata. Kusimama kwake ni kwa ghafla, kuna ujeuri ndani yake. Villa Urquiza, ambako sakafu zilikuwa pana, hatua zilirefuka, na kusimama kwao ni kwa mtu aliyefika mwisho wa barabara ndefu akaangalia alikotoka. Katikati ya jiji kumbi zilijaa mno, hatua zikafupika, vifua vikakutana, watu wakacheza kwenye nafasi ya kigae kimoja. Mtindo huu wa katikati ya jiji miaka ya 1990 ulienea duniani kwa jina la milongero, sehemu kubwa kwa juhudi za mwalimu Susana Miller. Hapo kusimama ni lazima: mbele yako kuna mgongo wa mtu, nyuma yako kuna mwingine, mzunguko unakwenda kinyume na mwendo wa mishale ya saa na haujakufungukia njia. Anayejua husimama na kuendelea kucheza palepale. Asiyejua hufanya kama nilivyofanya mimi, akampiga mtu kisigino.

Muziki nao una amri yake. Mwishoni mwa 1935 mpiga piano Rodolfo Biagi aliingia okestra ya Juan D'Arienzo, mapigo yakawa makali na ya kuruka, na vijana wakajaa kumbini. Ukimsikiliza D'Arienzo utadhani hakuna pa kusimama. Pako. Okestra nzima hunyamaza kwa ghafla, pakabaki shimo, na piano ikatupia noti chache ndani ya shimo lile. Mchezaji mzuri husimama hapo kwa muda wa kupepesa jicho, na ukumbi mzima ukisimama pamoja, watu mia mbili kwa nukta moja, unaisikia sakafu yenyewe ikinyamaza. Niliwahi kuwa ndani ya kitu hicho mara tatu au nne katika miaka sita. Sijui nikilinganishe na nini.

Osvaldo Pugliese ni habari nyingine kabisa. Alizaliwa 1905, akafariki 1995, na mwaka 1946 alirekodi La Yumba, ambayo jina lake linaiga lile pigo zito la okestra yake: yum, kisha ba hafifu, kama mtu anayeburuta kitu na kukiachia. Alikuwa mkomunisti na alifungwa kwa siasa zake. Husimuliwa kwamba alipokuwa gerezani wenzake walipiga bila yeye, piano imebaki kimya na ua jekundu limewekwa juu yake. Labda ni mimi tu, lakini kila nikisikia fidla moja ya Pugliese ikibaki peke yake, okestra yote imerudi nyuma, mapigo yamefutika, nalifikiria lile ua. Huwezi kutembea juu ya fidla ile. Hakuna mdundo wa kukanyagia. Bandoneoni, kile chombo cha mikunjo kilichotoka Ujerumani na chenye vitufe 71, inavuta hewa bila kutoa sauti, nawe unasimama ukivuta nayo. Wanaokwenda mbio hapo, na wapo, wanacheza muziki ulioko kichwani mwao.

Sasa niseme haki ya jukwaa, maana sitaki niwatendee wachezaji wa jukwaani yale ambayo makala iliwatendea wazee. Onyesho la Tango Argentino la Claudio Segovia na Héctor Orezzoli, lililoanza Paris mwaka 1983 na kufika Broadway mwaka 1985, liliwarudisha watu wengi kwenye dansi hii baada ya miaka mingi ya kufifia, nje na hata nyumbani kwake. Watu wa safu ya mwisho ukumbini hawawezi kuona kisigino kilichoinuka unene wa sarafu. Wanahitaji mguu hewani. Ni kazi halali, ngumu, ya miaka mingi ya mazoezi. Buenos Aires wenyewe wanalijua hilo: mashindano ya dunia ya tango, yanayofanyika huko tangu 2003, yana madaraja mawili yasiyochanganywa. Katika Pista jozi kadhaa huzunguka pamoja, hazijui zitapigiwa wimbo gani, kumbatio haliachiwi wakati wa muziki na kuruka hakuruhusiwi. Katika Escenario kila jozi hupanga mchezo wake na kuruka inavyotaka. Hakuna aliye chini ya mwenzake. Kila mmoja ana mizani yake.

Na jukwaani penyewe, walio bora walijua kusimama. Tafuteni video ya Carlos Gavito na Marcela Durán katika onyesho la Forever Tango wakicheza wimbo wa okestra ya Pugliese. Gavito alifariki 2005, sikuwahi kumwona kwa macho, lakini video ile nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wameegemeana kama pembe mbili za paa, miguu iko mbali, vifua vimekutana juu. Wanakaa. Muziki unapita, wao wanakaa. Watu walilipa tiketi kuona miguu ikirushwa, na wanatazama mwanaume na mwanamke wasiosogea, na hakuna anayekohoa. Mwandishi wenu angeandika nini chini ya picha hiyo?

Kuhusu vijana wa mtindo mpya nitasema kidogo tu, kwa sababu magoti yangu hayakuniruhusu kwenda nao mbali. Miaka ya 1990 Gustavo Naveira, Fabián Salas na Mariano Frúmboli, anayejulikana kwa jina la Chicho, walizichambua hatua za tango moja moja, na kutokana na uchambuzi huo yakaenea mambo kama volkada, ambapo mwanamke huinamishwa mbele nje ya mhimili wake, na kolgada, ambapo wote wawili huning'inia nje wakivutana. Nimejaribu volkada. Kuna nukta moja katikati, umeshaanguka na hujaanguka, ambayo ni tulivu kuliko kitu chochote nilichowahi kukihisi kwa mguu sakafuni. Hivyo nao wana pa kusimama, ila pao ni ukingoni. Kuna pia tango ya mashindano ya kimataifa ya dansi za ukumbini, iliyowekewa taratibu zake Uingereza baada ya Ulaya kupagawa na tango mwaka 1913 au karibu na hapo, yenye vichwa vinavyogeuzwa kwa ghafla. Makala iliichanganya na ya Argentina kana kwamba ni kitu kimoja. Ni dansi nyingine, yenye heshima yake. Kusimama kwake ni kwa kisu kilichofika ubaoni.

Najua gazeti lina nafasi ndogo, na barua yangu imeshakuwa ndefu. Sikuombi uandike makala nyingine, wala sitaki msamaha wowote uchapwe. Ninachoogopa ni kwamba kuna kijana mahali fulani amesoma ukurasa ule, atakwenda kujifunza tango, na siku mzee au mama mtu mzima atakapomkumbatia na kutulia, kijana yule atadhani amepewa mtu aliyechoka. Atahamisha uzito kumsaidia. Na huenda yule aliyemkumbatia asiwe na moyo wa kumwambia asimsaidie.

Kwa hiyo naomba mrudie ile picha ndogo toleo lijalo, hata kama ni kwa ukubwa wa stempu, na mbadilishe neno moja tu chini yake. Futeni "wakipumzika". Andikeni "wakicheza".

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mfasiri mstaafu